Maisha ya Mohamed Amin, Mpiga Picha wa Korem

 Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za malenga na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua marehemu ambaye kalamu yake ilikuwa kamera. Najua kuna wenzangu watakaouliza kwa nini mpiga picha aingie katika jarida la lugha. Jibu langu ni fupi. Huyu bwana alisema na dunia nzima kwa siku moja, na dunia ikasikia. Ni washairi wangapi wamejaaliwa hivyo?

Mohamed Amin, ambaye rafiki zake walimwita Mo, alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Wazazi wake walikuwa na asili ya Punjab, na baba yake alifanya kazi katika shirika la reli. Jamaa hii ilihamia Dar es Salaam angali mtoto, na huko ndiko alikokulia. Akiwa bado mvulana wa shule alijipatia Box Brownie, kamera ya sanduku ambayo haikuwa na mambo mengi: unaishika kifuani, unalenga, unabofya, halafu unangoja filamu isafishwe ndipo ujue kama umepata kitu au umepata giza. Vijana wa siku hizi, mnaobofya na kuiona picha papo hapo, hebu fikirini subira hiyo. Yeye alijifunza upesi kwamba picha nzuri huuzika. Alipiga picha za mashindano ya magari ya Safari akiwa bado mwanafunzi, akaziuza. Mwaka 1963, kabla hajatimiza hata miaka ishirini na moja, alianzisha kampuni yake mwenyewe mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix.

Hakukawia kukutana na moto. Januari 1964 mapinduzi yalipotokea Zanzibar, Amin alikuwa miongoni mwa wapiga picha waliofika huko mapema. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kutiwa gerezani karibu mwezi mzima, na alipotoka alirudi Kenya. Kuanzia hapo makao ya Camerapix yakawa Nairobi. Mtu mwingine angeona yatosha, akafungua studio ya kupiga picha za pasipoti na harusi. Amin alizidi kukaza mwendo.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969. Tom Mboya, waziri, mzaliwa wa Kilima Mbogo, mtu aliyekizungumza Kikamba kama mwenyeji wa huku kwetu, alipigwa risasi mbele ya duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika pale mara moja akiwa na kamera, akaingia hata ndani ya ambulensi. Picha hizo zilimpatia tuzo Uingereza, ya mpiga picha bora wa runinga wa mwaka huo. Wapo waliomlaumu wakisema si utu kumwelekezea kamera mtu anayekata roho. Lawama hiyo ilimfuata aushi yake yote, nami sitajifanya kwamba ni lawama ya kipuuzi. Lakini bila yeye tungebaki na uvumi tu juu ya dakika zile.

Miaka iliyofuata naipitia mbiombio. Alifanya kazi na shirika la Visnews, lililokuwa likisambaza picha za habari kwa vituo vya runinga duniani kote, na akawa mkuu wake katika Afrika. Alipiga picha Uganda wakati wa Idi Amin (wasichanganywe, majina tu ndiyo yaliyofanana). Alipiga picha za mahujaji wa Makka, na kitabu chake juu ya hija kilitoka mwaka 1978. Pamoja na Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley alitoa vitabu vingi vya picha, kimoja kikiwa cha safari ya kuizunguka Kenya, mwaka 1982.

Kabla ya kufika Korem, nakuomba msomaji usimame nami kidogo kwenye jambo ambalo wengi hulipita. Tunadhani kazi ya picha huisha mtu anapobofya. La hasha. Ikiisha hapo huwa imefika nusu tu. Nusu ya pili hufanyika katika chumba chenye giza kidogo, mbele ya skrini, ambapo mhariri huitazama picha kabla haijaenda kwa watu. Skrini hiyo wenye kazi huiita monita. Si runinga ya nyumbani ati. Hupimwa na kurekebishwa ili nyeupe iwe nyeupe kweli na nyeusi iwe nyeusi kweli, maana anachokiona mhariri pale ndicho anachokiamulia. Monita ikidanganya, mhariri naye atadanganyika: ataing'arisha picha ambayo haikuwa na giza, au ataitupa ambayo haikuwa na kasoro.

Na kuna sababu ya kumfanya adanganyike. Jicho la mwanadamu ni chombo cha ajabu. Simama saa sita mchana katika mlango wa jiko la mama pale Mutomo au Kibwezi. Nje jua limewaka mpaka vumbi linameta. Ndani kuna giza la moshi na masizi. Wewe unaviona vyote viwili, mbuzi aliye uani na chungu kilicho mekoni. Kamera haiwezi hivyo. Ukiipimia nje, jiko linakuwa shimo jeusi. Ukiipimia ndani, mbuzi anatoweka katika weupe mtupu. Umbali huo kati ya weusi na weupe ambao chombo kinaweza kuubeba ndani ya picha moja, sisi katika makala haya tutauita upana wa mwanga.

Mwanga wa kitu kinachotazamwa hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Shati jeupe la mwanafunzi aliyesimama juani saa sita laweza kufikia karibu niti 30,000. Runinga za zamani, zile zenye kisogo kirefu, zilitengenezewa picha ambayo weupe wake wa juu kabisa ulihesabiwa kuwa niti 100 tu. Basi piga hesabu. Jua lote la Ukambani lilipaswa kukunjwakunjwa mpaka liingie ndani ya niti 100. Mpiga picha wa video wa miaka ya themanini alibeba mzigo huo akiwa juani, akitazama kupitia kitundu chenye skrini ndogo isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, jicho moja likiwa limebanwa kwenye mpira. Hiyo ndiyo iliyokuwa monita yake ya kwanza. Na kamera za video za siku hizo zilikuwa na upana mdogo wa mwanga kuliko filamu zilizotangulia. Zilikuwa na faida ya haraka, kwani kanda haihitaji kusafishwa kwa dawa, lakini wingu jeupe likizidi, limekwenda. Sura nyeusi ikizama kivulini, imezama.

Nasema sura nyeusi kwa makusudi. Sisi tulio weusi ndio tulioumizwa na jambo hili. Mwafrika akisimama mbele ya anga jeupe, kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe hulihudumia anga na kumwacha mtu awe kivuli kisicho na macho wala machozi. Mpiga picha aliyekulia chini ya jua hili alijua kwamba ni lazima afungue lenzi kwa ajili ya uso wa mtu na kuacha anga liende zake.

Sasa tufike mwaka 1984. Wazee wetu wa Kitui, na wa Makueni ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, hawahitaji kuelezwa. Mvua za masika zilikosa. Njaa ile Wakamba waliipa jina, Nikw'a Ngwete, maana yake nitakufa nikiwa nimeshika, yaani fedha ziko mkononi lakini chakula cha kununua hakipo. Mahindi ya manjano yaliletwa kutoka ng'ambo, na hata leo ukimtajia nyanya yako mahindi ya manjano utaona uso wake unabadilika. Lakini kaskazini yetu, Ethiopia, mambo yalikuwa mabaya kupita kiasi. Ukame ulikutana na vita. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, na mwezi Septemba wa mwaka huo huo ilisherehekea miaka kumi ya mapinduzi yake kwa fahari kubwa. Idadi ya waliokufa katika njaa ile ya 1983 hadi 1985 hukadiriwa kuwa kati ya laki nne na milioni moja. Dunia ilikuwa na habari, ndiyo. Mashirika ya misaada yalikuwa yameandika ripoti. Ripoti zilisomwa, zikawekwa kwenye faili.

Amin alihangaikia vibali Addis Ababa mpaka akavipata. Oktoba 1984 akaenda kaskazini, Mekele na Korem, pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Korem ni mji wa nyanda za juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni baridi kali. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala nje kando ya mji, wengi wakiwa na kitambaa kimoja tu cha kujifunika. Kila asubuhi maiti zilikusanywa.

Picha zake zinazokumbukwa zaidi zilipigwa kulipokuwa kukipambazuka. Ukizitazama leo utaona ukungu na moshi wa mioto midogo, watu wamejifunika, jua linachungulia kwa mbali. Hapa nataka niseme jambo la ufundi, nanyi walimu wa fizikia mtanisahihisha. Alfajiri, jua likiwa chini na ukungu ukiutawanya mwanga, tofauti kati ya peupe na peusi hupungua sana. Kila kitu huingia ndani ya ule upana mdogo ambao kamera ya video iliweza kuubeba. Nyuso hazikuzama. Mikunjo ya vitambaa ilibaki, na macho yalibaki. Angepiga picha zile zile saa saba mchana, sehemu kubwa ingekuwa vivuli vyeusi juu ya ardhi nyeupe. Siwezi kusema kwamba alipanga hivyo. Mauti ndiyo yaliyopanga saa, kwa kuwa alfajiri ndipo wafu walipohesabiwa. Lakini bingwa hujulikana kwa kuutambua mwanga unapomjia, na huyu aliutambua.

Kanda zikasafirishwa hadi Nairobi, kisha London. Zikaingia katika vyumba vya kuhariri, mbele ya monita nilizozieleza. Habari iliyotoka ilikuwa na urefu wa dakika saba hivi, jambo lisilo la kawaida katika taarifa ya habari, ambapo kisa cha Afrika kilikuwa na bahati kikipewa dakika moja na nusu. BBC iliionyesha tarehe 23 Oktoba 1984.

Lakini kisa ninachokipenda, ingawa kupenda si neno lake, ni cha New York. Kituo cha NBC cha Marekani kilikuwa na ofisi London. Wahariri wa New York walipopashwa habari kwamba kuna picha za njaa kutoka Ethiopia, mwanzoni hawakuona haja. Njaa Afrika? Hiyo walishaisikia. Tena siku hiyo walikuwa na mambo mengi yao wenyewe, uchaguzi wa rais ukiwa umebakiza wiki mbili. Mkuu wa ofisi ya London hakukubali. Alizituma picha kwa setilaiti ili wazitazame tu. Picha za Ulaya zilikuwa na mistari 625 na za Marekani mistari 525, kwa hiyo zililazimika kugeuzwa kwanza kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Zilipotokea kwenye monita za chumba cha habari, watu waliacha kazi zao wakasimama. Chumba ambacho kwa kawaida hakinyamazi hata dakika moja, kikanyamaza kimya. Jioni hiyo hiyo zikaonyeshwa kwa Wamarekani.

Tafakari basi, mwenzangu. Watu wale wale, habari ile ile, siku ile ile. Walipoambiwa kwa maneno, walikataa. Walipoona kwenye skrini, walikubali. Tofauti kati ya kukataa na kukubali ilikuwa ni kutazama kabla. Na lau yule wa London angeitii simu, au lau picha ingefika imefifia, nyuso zimekuwa vivuli, je, wangesimama? Mimi nina shaka. Ndiyo maana nasema monita si chombo cha anasa cha mafundi. Ni mahali ambapo watu wachache huketi na kuamua mamilioni wataona nini.

Yaliyofuata yanajulikana. Vituo zaidi ya 400 vya runinga duniani vilionyesha picha hizo. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya Krismasi ya 1984, wa Marekani wakafuata mwaka 1985, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya fedha yalikusanywa na watu wengi wakaokolewa.

Hata hivyo kusifu tu si kazi ya mwandishi wa maisha ya mtu. Picha za Korem zilionyesha njaa, hazikuonyesha vita vilivyozuia chakula kufika. Mtazamaji wa Ulaya alidhani ni mvua tu iliyokosa. Tena kwa miaka mingi baadaye, ukitaja Afrika kwa mgeni, kilichomjia akilini ni mtoto aliyekonda. Hili linatuudhi, na tuna haki ya kuudhika. Ila simwekei Amin lawama yote. Yeye huyo huyo alitoa vitabu na picha nyingi za Afrika yenye uzuri, lakini hakuna mhariri wa New York aliyeacha kazi yake akasimama kwa ajili ya ziwa Turkana likiwa shwari.

Sasa nirudi kwenye upana wa mwanga, kwa sababu mambo yamebadilika na wengi wetu tunashika mabadiliko hayo mkononi bila kujua. Siku hizi ipo video ya upana mkubwa wa mwanga, inayojulikana kwa herufi tatu, HDR. Badala ya weupe wa niti 100, mfumo wake mmoja unaweza kuandika mwanga hadi niti 10,000, ingawa monita nyingi za kuhariria hufika niti 1,000 au zaidi kidogo. Ngazi za mwanga nazo zimeongezeka. Picha ya kidijitali ya kawaida huwa na ngazi 256 kwa kila rangi, hii ina 1,024 au zaidi, ili anga la jioni lisionekane kama limekatwa vipande vipande. Yule mbuzi wa uani na kile chungu cha mekoni wanaweza sasa kukaa katika picha moja.

Lakini taabu ile ile ya kutazama kabla imebaki, tena imezidi. Mhariri mwenye monita ya zamani akiifungua video ya HDR ataiona imefifia, ya kijivujivu, kama nguo iliyofuliwa mara mia. Asipojua, ataanza kuikoleza rangi na kuiharibu. Ikifunguliwa kwa njia nyingine, anga lote litakuwa jeupe pe. Hapana budi awe na monita inayoufikia mwanga huo, katika chumba kisicho na dirisha lililo wazi. Au atumie programu inayoikunja picha kwa hesabu maalumu iingie katika skrini ndogo, huku akitazama ile grafu inayomwonyesha mwanga umefika wapi. Grafu haidanganyiki kama jicho, ambalo baada ya dakika kumi huzoea chochote. Na mwisho aitazame kazi yake kwenye skrini ya kawaida vile vile, kwani kule Mwingi au Wote wengi wataiona kwenye simu ya bei nafuu, juani.

Wanaorekodi michezo ya kuigiza ya shule wameliona hili bila kulijua jina. Simu mpya hurekodi kwa HDR yenyewe. Kwenye simu mchezo unang'aa, mavazi yanapendeza. Ukiuhamishia kwenye kompyuta ya zamani na kuurusha ukutani kwa projekta, unakuwa wa kijivu, na bwana harusi anaonekana mgonjwa. Lawama humwangukia mpiga picha wa watu! Dawa ni ndogo: kabla ya siku ya mchezo, uzime upana huo katika mipangilio ya simu, au uigeuze video kwa programu inayojua kuukunja mwanga, halafu uitazame kwenye projekta yenyewe itakayotumika, katika ukumbi wenyewe, mapazia yakiwa kama yatakavyokuwa.

Inafurahisha kwamba BBC, shirika lililoonyesha picha za Korem, ndilo lililoshirikiana na NHK ya Japani kutengeneza mfumo mmoja wa HDR uitwao HLG, uliokubaliwa kimataifa mwaka 2016. Ubora wake ni kwamba mawimbi yale yale yanaweza kupokelewa na runinga mpya na ya zamani, kila moja ikatoa picha inayotazamika. Mambo haya yote Amin hakuyaona.

Tarehe 4 Juni 1991, Mengistu akiwa ameshakimbia, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alikuwa pale akipiga picha. Mpiga sauti wake, John Mathai, Mkenya mwenzetu, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Kwa mpiga picha wa runinga hiyo ni sawa na mshairi kukatwa ulimi, kwa maana kamera za wakati ule zilikuwa nzito, mkono mmoja ukishika na wa pili ukizungusha lenzi. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya, akarudi kazini. Nami naomba jina la Mathai lisisahaulike kila tunapomtaja mkubwa wake, kama ilivyo desturi ya kuwasahau wabeba mizigo.

Tarehe 23 Novemba 1996 Amin na Brian Tetley walipanda ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka nyara wakitaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wasisikie. Ndege ilifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na hoteli ya Le Galawa, Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Manusura walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama hadi mwisho akijaribu kukabiliana na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53. Mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni na kamera ndogo ya nyumbani aliirekodi ndege ikigusa maji, na picha hizo zikazunguka dunia kupitia vyumba vile vile vya habari ambavyo Amin alivitumikia maisha yake yote.

Mwanawe, Salim Amin, aliendelea na Camerapix, na mwaka 2006 ilitoka filamu ya maisha ya baba yake iitwayo Mo & Me. Ghala la picha na kanda limebaki Nairobi, na sehemu yake imewekwa kwenye intaneti. Kuna wanaodhani kanda za Korem zinaweza kuongezwa mwanga zikawa HDR. Haziwezi, si kwa maana ya kweli. Unaweza kuzing'arisha upendavyo, lakini anga lililochomeka likawa jeupe mwaka 1984 halina mawingu ya kurudisha. Yale mawingu hayakuandikwa popote. Filamu alizopiga kabla ya zama za video ni habari nyingine. Filamu ilishika upana mkubwa wa mwanga kuliko runinga ilivyoweza kuonyesha, na mwaka 1969 mtazamaji alipewa sehemu ndogo tu ya kilichokuwamo. Hasi iliyohifadhiwa vizuri, ikipitishwa leo kwenye mashine na kutazamwa katika monita ya kisasa, huweza kutoa uso uliokuwa umejificha kivulini tangu siku ilipopigwa.